Fundi Sponji na Kipimo Kilichoahirishwa

Katika mtaa ule wa mafundi, ungeuliza jina lake halisi wangekutazama kama mtu aliyepotea njia. Lakini ungesema Sponji, hata mziba pancha wa pale kwenye kona angekunyooshea kidole: "Yule kule, mlango wenye makochi yaliyovuliwa nguo."

Alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo alilipata kwa tabia yake. Haketi popote kabla hajapabonyeza kwa vidole viwili. Msibani atabonyeza, harusini atabonyeza. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alilibonyeza kochi la baba mkwe mbele ya wazee, akanong'ona, kumbe wote wanamsikia, "Hili limechoka." Mke akapewa, na kochi pia akapewa, akalitengeneze bure.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na mifupa ya makochi, mbao na springi nje nje. Katikati ilikaa meza ya kukatia vitambaa, imejaa chaki na vumbi la sponji la manjano. Nyuma kabisa, chini ya dirisha, ilikuwapo cherehani ya mkewe, kwa maana foronya na vitambaa vyote vya makochi alishona yeye. Mume alifanya kazi huku ameshikilia misumari kwa midomo, na aliongea hivyo hivyo. Wateja hawakumwelewa. Mkewe alielewa kila neno, akamjibu bila kuinua macho kwenye sindano.

Kwa wazazi wa Sponji walizaliwa watatu: dada yao mkubwa, ambaye alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, kisha Sponji, kisha mdogo wao wa kiume, dereva wa malori ya masafa marefu. Baba yao alikuwa mwashi. Mzee yule alilalamikia tumbo miaka na miaka, akilishika kwa kiganja na kusema, "Ni gesi tu." Ilipojulikana si gesi, ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ilikuwa imeshatapakaa. Hakumaliza mwaka.

Baada ya mazishi, daktari aliyemtibu aliwaita wale watoto watatu.

"Ugonjwa huu wakati mwingine hutembea ndani ya ukoo," aliwaambia. "Mkifika miaka arobaini, kila mmoja wenu apimwe kwa kamera. Hata kama haumwi. Nasema hivi: hasa kama haumwi."

Dada alikwenda upesi. Akalazwa kitandani, akapewa dawa ya usingizi, alipoamka akaambiwa wamekuta kinyama kidogo kama punje ya dengu ukutani mwa utumbo, na wamekwisha kukitoa. Kingeachwa, kingekuja kugeuka saratani. Tangu siku hiyo alilivalia njuga jambo hili. Kila akipiga simu, salamu yake ya pili ilikuwa, "Umeshakwenda?"

"Dada, hebu nieleze vizuri," Sponji alikuwa akimwuliza, mkewe akisikiliza na kucheka. "Huo mpira wenye kamera unaingilia wapi?"

"Unapajua."

"Basi pale pana heshima yake, tupaache."

"Baba naye alikuwa na heshima zake," dada angejibu, na hapo utani ungekatika.

Mwishoni Sponji alisalimu amri, miaka arobaini akiwa ameshaiacha nyuma. Akaenda hospitali, akapangiwa siku, akapewa na unga wa dawa ya kusafisha tumbo, wa kukoroga na kunywa jioni ya kuamkia kipimo. Alirudi nyumbani amenywea kama mtu aliyehukumiwa. Chakula hakikupita vizuri wiki ile. Alikuwa anahofia aibu, anahofia maumivu, na zaidi ya yote, ingawa hakulitamka, alihofia kuambiwa yale aliyoambiwa baba yake.

Ndipo korona ikaingia.

Siku ya kipimo ikiwa bado haijafika, simu ililia pale karakana. Sauti ya muuguzi ilisikika imechoka. Alisema chumba cha kamera kimefungwa, wauguzi wake wamepelekwa kwenye wodi ya korona, na hospitali inapokea wagonjwa wa dharura tu. Miadi yake imeahirishwa. Hali ikitulia atajulishwa.

"Hamna shida, dada yangu, hamna shida kabisa," Sponji alisema kwa upole mwingi. Akaweka simu chini, akatema misumari, akamnyanyua mkewe kutoka kwenye kiti cha cherehani.

"Nimeachiwa huru!"

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Walicheka wote wawili. Ungewaona ungedhani wamepokea habari njema, na siku ile kweli walidhani ni njema.

Mwanzo wa korona karakana ililala. Nani anatengeneza kochi wakati hajui kama kesho yupo? Mkewe alishona barakoa kwa mabaki ya vitambaa vya makochi, nzito ajabu, mteja mmoja akairudisha akisema heri korona kuliko kukosa pumzi namna ile. Kisha mzee wa fotokopi, jirani yao wa mlango wa pili, alikwenda hospitali kutibiwa kidonda cha mguu. Huko huko akaambukizwa. Hakurudi. Walimzika watu wachache, wamesimama mbali mbali, na Sponji, aliyekunywa naye chai kila asubuhi, hakuruhusiwa hata kulisogelea jeneza.

Kifo kile kilimkaa rohoni. Ukimtajia hospitali, alikuwa akiona jeneza lile likishushwa na watu waliovaa nguo za plastiki.

Masharti yalipolegezwa, kazi ilimwagika kama mvua. Watu walikuwa wameshinda majumbani miezi mingi, wamelala, wamekula, wamefundisha watoto juu ya makochi yale yale, mpaka makochi yakaomba radhi. Yalipangwa nje ya karakana hadi barabarani. Sponji hakuwa na muda wa kujikuna.

Dada hakuchoka. "Hospitali wamefungua?"

"Nimepiga, hawapokei."

Ilikuwa kweli. Alipiga mara moja, simu ikaita mpaka ikakatika, na mara hiyo moja aliitumia kama ngao kwa muda mrefu. Siku moja dada alipiga mwenyewe, akaambiwa foleni ya walioahirishwa ni ndefu mno, ajaribu tena mwezi ujao. Mwezi uliofuata akaambiwa vile vile. Kisha dada mwenyewe akaugua korona, akalala kitandani wiki kadhaa, na kwa muda huo hakukuwa na mtu wa kuuliza, "Umeshakwenda?"

Asubuhi moja ya masika, Sponji alikuwa chooni nyumbani kwake akaona damu.

Alikaa akiitazama. Nje mkewe alikuwa anaita kwamba chai inapoa. Alivuta maji, akanawa mikono muda mrefu, akatoka, akanywa chai. Alijiambia ni bawasiri. Fundi anayeshinda amechuchumaa na kuinua makochi, apate nini kama si bawasiri? Kwenye duka la dawa aliomba dawa ya kupaka, muuzaji akampa bila kuuliza mawili.

Damu ilikatika. Ikarudi. Ikakatika tena, naye kila ikikatika alimshukuru Mungu na kujiona mjanja. Choo chake kilibadilika, leo kigumu, kesho maji. Tumbo lilimkata upande wa kushoto. Siku moja alijikuta ameegemea meza ya kukatia, kiganja kimebana tumbo, na akamkumbuka baba yake amesimama vile vile kwenye ukuta ambao haujakamilika. Akaondoa mkono haraka kama aliyeungua.

Hakumwambia mkewe. Si kwamba hakumwamini. Aliona kwamba akilitamka litakuwa kweli, na likinyamaziwa huenda likajiendea lenyewe.

Lakini mwanamke yule alikuwa mshonaji, na macho yake yalizoea kupima.

"Suruali hii naipunguza tena?" aliuliza jioni moja, ameishika kiunoni. "Mbona juzi tu niliipunguza?"

"Kazi ni nyingi. Huoni?"

"Naona. Naona pia hauli."

"Joto hili, nani anakula?"

Alimtazama, akachukua chaki. Akaipunguza.

Mambo yalifichuka siku walipokuwa wanapakia kochi la watu watatu kwenye gari la mteja. Sponji alishika upande wake, akaanza kuinua. Kochi lilidondoka, naye akakaa chini vumbini, uso umekuwa rangi ya majivu. Mteja alidhani ameteleza. Mkewe alitoka mbio na uzi bado uko mdomoni, akamwingiza ndani, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

"Sema," alimwambia.

"Nimeteleza."

"Baba watoto, sema."

Sponji alitazama sakafu. "Natoka damu."

"Wapi?"

Sponji aligeuza uso ukutani, mkewe akaelewa.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Masika yale yalikuwa yameshapita, kiangazi kimeshapita, na mvua nyingine zilikuwa mlangoni. Mkewe hakupiga kelele. Alichukua simu, akakosea namba, akaanza upya. Alipopatikana upande wa pili alisema tu, "Wifi, njoo. Ni huyu mdogo wako."

Dada alifika na barakoa yake, bado anahema kwa ile korona iliyomwachia mapafu dhaifu. Aliposikia, alimsimamia mdogo wake kama anavyomsimamia mwanafunzi.

"Masika? Unaona damu tangu masika, unaniambia 'niko salama, dada, niko salama'? Ulisahau baba alikufaje?"

"Sikusahau," Sponji alisema. "Ndiyo maana."

Dada aliondoka mbele yake. Akatafuta pa kukaa, akakalia kochi ambalo halikuwa na sponji, juu ya springi tupu, akalia.

Hospitali walikwenda yeye na mkewe kesho yake. Nje ya chumba cha kamera kulikuwa na mabenchi mawili yaliyojaa watu, na wengine wamesimama ukutani. Mzee mmoja, mlinzi wa benki aliyestaafu, alimwuliza Sponji, "Na wewe ni wa kuahirishwa?"

"Ndiyo."

"Karibu chamani."

Watu walicheka kidogo. Mwanamama aliyekuwa amemshikilia mama yake mzee alieleza kwamba mama alipimwa kinyesi kabla ya korona, wakakuta dalili ya damu, wakamwambia arudi kwa kipimo cha kamera. Alirudi akakuta mlango umefungwa. Alirudi mara nyingi. Muuguzi aliyepita na faili kifuani aliwasikia, akasimama.

"Nawaombeni uvumilivu," alisema. "Tulikuwa wauguzi sita hapa. Wawili tumewazika. Tunafanya tunachoweza."

Watu wakavuta miguu, wakampisha apite.

Kwa sababu ya ile damu na habari za baba yake, Sponji alipewa nafasi ya karibu. Alikunywa ule unga wa dawa, akakesha usiku ule akikimbilia choo, na asubuhi akalazwa ubavu. Sindano ikaingia mkononi. Alipofumbua macho aliona dari nyingine.

"Mtaanza saa ngapi?" alimwuliza muuguzi.

"Tumeshamaliza, baba."

"Ndiyo hiki?" Alijiinua kwa kiwiko. "Ndicho hiki nilichokuwa nakikimbia?"

Alitaka kucheka. Muuguzi hakucheka, alimrekebishia shuka begani. Hapo Sponji akajua.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye alama za barakoa zilizochimba mashavuni. Alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa karibu nao wote wawili. Aliwaeleza bila kuzunguka: kuna uvimbe upande wa kushoto wa utumbo, umekaribia kuziba njia. Majibu ya maabara yatathibitisha, lakini yeye ameona mwingi wa namna hiyo na hataki kuwadanganya. Utatakiwa kukatwa haraka, na baadaye dawa za saratani za kuingiza kwenye mshipa.

Mkewe aliuliza maswali yote ya maana. Sponji alikuwa na moja tu.

"Daktari. Ningepimwa ile siku yangu ya kwanza, kama msingefunga, mngekuta hiki?"

Daktari alimtazama machoni. "Sijui, na atakayekuambia anajua anakudanganya. Huenda tungekuta kitu kidogo zaidi. Huenda tungekitoa siku hiyo hiyo ukarudi kazini. Lakini siku hiyo hukujinyima wewe. Tulifunga sisi."

"Mlifunga nyinyi," Sponji alisema. "Mlipofungua nikajifungia mwenyewe."

Walipotoka walikaa kwenye ukingo wa bustani ya hospitali. Mkewe alisema, "Siku ile walipopiga simu, ulininyanyua nikacheka."

"Tulicheka wote."

"Mimi nilikuwa naogopa kuliko wewe. Nilicheka kwa sababu hiyo." Alikunjua kitambaa chake, akakikunja. Wakakaa hapo mpaka gari lilipokuja.

Walimpasua. Kipande cha utumbo kilitolewa, na kwa kuwa palikuwa pamevimba, hawakuweza kuunganisha pale pale. Wakatoa mdomo wa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, wakabandika kifuko cha kupokea choo. Kitaondolewa mbeleni, walisema, mambo yakienda vizuri. Vilevile tezi kadhaa za jirani zilikutwa zimeshaingiliwa na saratani.

Kifuko kilimvunja Sponji kuliko kidonda. Yeye aliyekuwa mcheshi wa mtaa alijifungia chumbani, anajinusa. Akisikia mgeni sebuleni anajifanya amelala. Kikitoa sauti, maana kilikuwa kinatoa sauti bila kuomba ruhusa, alikuwa anafumba macho kwa aibu hata akiwa na mkewe peke yake. Siku mkewe alipomshonea mkanda mpana wa kitambaa laini wa kukishikilia kifuko chini ya shati, aliupokea, akaugeuza, akautazama mshono kwa ndani.

"Umeuvuta sana huku," alisema.

"Ufumue basi, ushone mwenyewe."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la ufundi la Sponji tangu apasuliwe. Mkewe alitoka nje ili asimwone anavyofuta macho.

Alirudi karakana taratibu, kati ya duru moja ya dawa na nyingine. Dawa zile zilimfanya vidole vife ganzi, akigusa kitu cha baridi kinamchoma kama sindano. Alibonyeza sponji na hakuhisi lolote. Kwa fundi wa namna yake hilo lilikuwa jambo zito, na siku nyingine aliketi tu mlangoni, akimwelekeza mkewe kwa mdomo jinsi ya kukaza mikanda ya makochi.

Akiwa katika hali hiyo mdogo wake, yule dereva, alipita kumsalimu. Alileta matunda, akakaa pembeni, akazungumza habari za barabara na mizani. Alikuwa ameshafika miaka arobaini.

"Umepimwa?" Sponji alimkatiza.

"Nitakwenda, kaka. Safari zikipungua tu."

"Zitapungua lini?"

"Unajua kazi yangu ilivyo."

Sponji alisimama. Akafunga mlango wa karakana, akafungua vifungo vya shati, akashusha ule mkanda. Hakuwa amewahi kumwonyesha mtu yeyote isipokuwa mkewe na wauguzi. Mdogo wake alitazama, akageuza uso.

"Tazama vizuri," Sponji alisema. Sauti haikuwa na ukali. "Mimi niliogopa kamera ya nusu saa nikiwa nimelala. Sasa hiki naamka nacho kila asubuhi, na hiki ndicho chepesi. Kizito ni kile nisichokiona."

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. Akasema, "Funga shati, kaka. Nimekuelewa."

Hakupewa nafasi ya kuponyoka. Dada alimfuatia miadi kwa simu kila siku, mpaka muuguzi wa mapokezi akamjua kwa sauti. Jioni ya kunywa dawa mdogo mtu alilala kwa Sponji, akishindana na familia nzima kwenye choo kimoja, na shemeji yake alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kesho yake walimkuta na vinyama viwili. Walivitoa pale pale. Vilipochunguzwa, havikuwa vimegeuka. Akarudi barabarani wiki hiyo hiyo.

Sponji alifurahi kwa dhati. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake, na aliuficha, kwa kuwa mdogo wake hakumkosea kitu. Vinyama viwili, asubuhi moja, basi.

Duru za dawa zilipokwisha, alipigwa picha ya mwili mzima. Daktari yule yule aliwaita, akavuta kiti kama siku ile. Pale utumbo ulipokatwa ni safi. Kifuko kingeweza kuondolewa. Ila kwenye ini kuna doa ambalo hakulipenda.

"Si mwisho," alisema. "Likiwa peke yake, kuna wanaokatwa wakapona. Tutapima zaidi. Sikuahidi, na sikukatishi tamaa."

Walitoka hadi kwenye korido, wakakaa. Watu walipita na barakoa zimeshushwa kidevuni, wengine hawana kabisa. Mbele yao mlango wa chumba cha kamera ulifunguka, mtu akaitwa, ukafungwa.

"Tumwambie dada leo?" Sponji aliuliza. "Au tungoje vipimo vingine vitoke?"

"Leo," mkewe alisema. "Tena umwambie wewe."

Alitoa simu mfukoni. Vidole vilivyokufa ganzi vilikosea kubonyeza, mkewe akambonyezea. Dada alipokea mara moja, kama aliyekuwa ameishikilia. Sponji alimweleza yote, doa, ini, vipimo, hakuacha kitu. Upande wa pili ilisikika pumzi tu.

"Uko hapo, dada?"

"Niko," dada alisema. "Msiondoke. Nakuja. Mmekula?"